Nilivyofuma kitambaa cha Pwani ya zamani nikiwa Nairobi

Ukitaka kufuma kitambaa kama cha Pwani ya karne ya 16, swali la kwanza ni la rangi: buluu ilitoka wapi? Jibu nililipata kwa Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyo. Anaeleza kuwa Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walifuma nguo nyeupe kwa wingi lakini hawakujua kuzitia rangi, au hawakuwa na rangi zenyewe. Walinunua vitambaa vya rangi vya Cambay, huko Gujarat, wakavifumua, kisha nyuzi zile wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe.

Nilipoyasoma hayo niliacha kuhangaika na kulima mnili, mmea unaotoa nili, yaani rangi ya buluu. Kwangu mimi, usahihi ni kufuata njia ya wafumi wenyewe, na wafumi hawa waliishi kwa biashara ya bahari.

Uzi mweupe ndio uliokula muda. Pamba nililetewa kwa basi kutoka Mpeketoni, Lamu, ikiwa na mbegu zake. Ni jamii iliyotoka Amerika, si ile ya kale, nami nimeandika hivyo kwenye lebo ya kitambaa. Kwa kusokotea nilifuata vitu vilivyochimbuliwa Kilwa: vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Nilichukua kigae cha chungu kilichovunjika, nikakisugua kwenye saruji mpaka kikawa duara, nikakitoboa kwa msumari na kukipachika kwenye kijiti. Ncha ya kijiti huzunguka ndani ya bakuli, kwa sababu uzi wa pamba ukiuning'iniza na uzito wake hukatika. Shangazi yangu wa Pumwani, aliyezeeka akidarizi kofia, alinitazama kidogo akasema, "Polepole, mwanangu. Pamba haivutwi, inaachiwa." Tangu hapo uzi ulikubali.

Buluu nayo. Nilinunua Biashara Street kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa kwa mkono India, nikakitia nili mwenyewe, maana vingi vya buluu vinavyouzwa ni vya rangi za kiwandani. Uwiano ni sehemu 1 ya unga wa nili, 2 za chokaa na 3 za sukari ya matunda. Mimi nilitumia ndizi zilizoiva kupita kiasi kutoka Marikiti, nikazichemsha na kuchuja maji yake. Mapishi haya ni ya kisasa, yameenezwa na Mfaransa Michel Garcia. Watia rangi wa kale waliichachusha nili. Sukari huibadili nili kikemia ili iyeyuke kwenye maji ya chokaa. Baridi ya Julai hapa Nairobi huichelewesha kazi hiyo, kwa hiyo ndoo niliifunika kwa blanketi na kuongeza maji moto kila asubuhi. Utajua iko tayari juu ikiwa na utando unaong'aa kama shaba, na chini maji yakiwa ya manjano. Kitambaa hutoka ndooni kijani kama jani la mgomba, halafu hewa inakigeuza mbele ya macho yako: pembeni kwanza, kisha katikati, mpaka kote kuwe buluu. Nimeliona mara nyingi na bado huacha kila kitu nitazame.

Kufumua kunataka kucha na subira. Uzi hutoka umejikunja, na pale nyuzi zilipopishana rangi haikufika vizuri, kwa hiyo una vidoa hafifu urefu wake wote. Niliuzungushia ubao ukiwa mbichi ukanyooka, lakini vidoa vilibaki, nami nikafurahi. Ukiufuma kuwa mstari, buluu yake inachezacheza. Uzi uliotiwa rangi kabla ya kufumwa hautoi hivyo.

Kwa kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia, nilitazama vile vya Banadir, pwani ya Somalia yenye mji wa Mogadishu, ambako mfumi hukaa ukingoni mwa shimo na miguu yake ikikanyaga chini. Mogadishu ilisifika kwa nguo tangu zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika huko mwaka 1331, anasema nguo zake zilipelekwa hadi Misri. Mimi naishi ghorofani, kwa hiyo fundi wa Gikomba aliinua fremu juu ya miguu minne, nami nikapata mkao uleule bila shimo.

Mtande, yaani nyuzi za urefu, wote ni mweupe, buluu imo kwenye mshindio tu, yaani nyuzi za kukatiza, maana vipande vya uzi uliofumuliwa si virefu kuliko upana wa kitambaa ulikotoka. Sikuviunga kwa fundo. Kipande kipya nakilaza juu ya mwisho wa kile cha zamani kwa upana wa vidole viwili, kisha nakigonga mara mbili. Ukipitisha kiganja juu ya mstari, hutajua kiungo kiko wapi.