Banda la Uani Hapa England na Suala la Kibali

Wengi wetu tuliohamia England, tukipata nyumba yenye uwanja nyuma, hutamani kujenga banda la kuwekea baiskeli, zana za bustani na mizigo inayosubiri kontena la kwenda Dar es Salaam. Kwa nyumba ya kawaida, banda la namna hiyo halihitaji kibali cha halmashauri, mradi lisijengwe mbele ya nyumba na lizingatie vipimo vya sheria.

Kipimo cha kuangalia kwanza ni kimo. Banda lisiwe na ghorofa, upenu, yaani ukingo wa chini wa paa, usizidi mita 2.5, na kilele kisizidi mita 4 kwa paa la migongo miwili au mita 3 kwa paa la aina nyingine. Hata hivyo viwanja vya mijini ni vyembamba, na sehemu yoyote ya banda ikiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani, banda zima halipaswi kuvuka mita 2.5, wengi wetu tunaangukia hapo. Aidha, mabanda na nyongeza zote kwa pamoja zisifunike zaidi ya nusu ya ardhi inayoizunguka nyumba ya awali, na hesabu hiyo hujumuisha hata nyongeza zilizojengwa na wenye nyumba waliotangulia.

Linaloniumiza moyo ni kuona ndugu zetu wakiingiza kitanda, jiko na choo bandani ili mama mzazi au binamu aliyetoka nyumbani apate pa kuishi. Hapo banda limegeuka makazi, nalo linahitaji kibali pamoja na ukaguzi wa kanuni za ujenzi, hata likiwa chini ya mita za mraba 15, ukubwa ambao kwa stoo ya kawaida husamehewa ukaguzi huo. Sababu ni ya msingi: kuta za mbao, hita ya umeme na mlango mmoja ni hatari kubwa kwa mtu aliyelala. Kwa ujenzi usio na kibali uliokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua, badala ya 4 ya zamani.

Wakaao kwenye fleti hawana ruhusa hii, na baadhi ya mitaa mipya imeondolewa kwa masharti ya kibali chake cha awali. Kabla ya kumwaga zege, unaweza kuiomba halmashauri, kwa ada, cheti kinachothibitisha kwamba banda lako ni halali. Wakili wa mnunuzi atakiulizia siku utakapouza nyumba.