Tulienda kuona milima, mzee akaenda kuona reli

Dada yangu anaishi Zürich, Uswisi, na ile safari aliipanga miezi kibao: tuanze Bern, twende Luzern, Interlaken, halafu tumalizie Montreux, yote kwa treni. Hesabu zake zote zilikuwa za maziwa, milima na madaraja ya kupigia picha. Alichosahau ni kwamba anamtembeza baba yetu, mzee aliyekula mshahara wa reli tangu enzi za East African Railways, Jumuiya ilipovunjika 1977 akaendelea na TRC, shirika la reli la Tanzania, gadi wa treni ya Tabora kwenda Kigoma mpaka anastaafu. Safari hiyo ilikuwa Septemba 2023, mi nilikuwa nimemsindikiza kutoka Tabora.

Mimi na baba tulikatiwa ile Swiss Travel Pass, tiketi moja unapanda nayo treni, meli na hata tramu za mjini. Dada mwenyewe haruhusiwi kuinunua kwa sababu ni mkazi wa kule, yeye ana kadi yake ya nusu nauli. Sasa pale Zürich tumeingia kwenye treni hakuna geti, hakuna mtu mlangoni, mzee anauliza hawa wanajuaje nani kalipa, anaulizia kwa sauti kabisa. Treni imeshaondoka ndo akaja konda kavaa sare, wee, baba alikaa wima, akafunga kifungo cha koti, akatoa tiketi kwa mikono miwili. Konda alipopita akamsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa behewa, kisha akatoa maksi: "Kiatu kimepigwa rangi. Safi."

Bern ni mji mkuu, na ile sehemu ya kale imeorodheshwa UNESCO tangu 1983. Unatembea chini ya baraza za mawe mtaa mzima bila kunyeshewa, mto Aare umeuzunguka mji pande tatu, na Einstein alipanga nyumba palepale mtaa wa Kramgasse. Watalii wanajazana chini ya mnara unaoitwa Zytglogge kusubiri saa igonge na vile vidoli vicheze. Baba alitazama mara moja akasema sawa. Saa iliyompata yeye ni ile ya stesheni, nyeupe, yenye mshale mwekundu wa sekunde wenye duara kichwani kama kile kibao cha kuruhusu treni. Ile saa ilibuniwa na injinia wa reli yao, Hans Hilfiker, mwaka 1944. Ukiikodolea macho utaona mshale ukifika juu unasimama kidogo, sekunde moja na nusu hivi, unasubiri amri kutoka saa kuu ndo dakika isogee, kwa hiyo saa za stesheni zote zinahama dakika pamoja. Dada alipomweleza, mzee akasimama pale akihesabu kwa midomo dakika baada ya dakika, tukaachwa na treni ya Luzern, tukapanda iliyofuata.

Luzern dada alipata picha zake. Daraja la mbao la Kapellbrücke ni la karne ya 14, ila sehemu kubwa unayoikanyaga leo ni mpya maana liliungua Agosti 1993 wakalijenga upya ndani ya mwaka mmoja. Tukapanda meli ya mvuke ziwani, zile za magurudumu ya pembeni, yetu iliitwa Gallia. Juu watu wanakunywa kahawa wanatazama milima, chini kuna uwazi unaiona injini yenyewe ikizunguka, vyuma vinang'aa mafuta, fundi anapita na kitambaa. Mzee hakupanda juu kabisa. Akasoma kibao cha mwaka, 1913, akaniita: "Mwanangu, huyu ni rika moja na Liemba." Na kweli, MV Liemba, ile meli ya Kigoma, alitengenezwa Ujerumani mwaka huohuo, akafunguliwa vipandevipande, akaja na meli mpaka Dar halafu reli ya kati ikambeba mpaka Ziwa Tanganyika. Baba alimpanda Liemba akiwa bado wa mvuke, kabla hajawekewa dizeli. Sikumwona tena na furaha kama ile mpaka Zweisimmen, nitafika huko.

Luzern kwenda Interlaken ni karibu saa mbili, na hapo ndo aligundua kwamba reli ni ya upana wa mita moja, kama ile ya kwetu ya Mjerumani. Alidhani reli za mita ni za nchi masikini tu! Pale mlimani Brünig treni inang'ata reli ya katikati yenye meno ili isirudi nyuma, inapanda mpaka kama mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, ikishuka Meiringen inageuza mwelekeo, kichwa kinakuwa mkia. Ziwa Brienz lilipotokea, lile la rangi ya feruzi kwa sababu ya unga wa mawe unaoletwa na barafu ya milimani, dada alikuwa anapiga kelele "baba angalia, angalia!", baba anaangalia mataruma ya reli.

Sasa Zweisimmen. Kutoka Interlaken reli ni pana, milimita 1,435, kama SGR, reli yetu mpya. Kuanzia Zweisimmen mpaka Montreux ni ya mita. Zamani ilikuwa lazima ushuke na mabegi ubadilishe treni, ila tangu Desemba 2022 kuna treni ya GoldenPass Express ambayo inavuka yenyewe: wanabadilisha kichwa, behewa zinapita taratibu kwenye mtambo uliopo njiani, magurudumu yanasogeleana chini yako na wewe umekaa na chai yako. Hakuna hata mtikisiko wa maana. Baba alikuwa amesimama kwenye korido kashika kiti.

"Pale Kidatu," akasema, "tofauti ni milimita 67. Sitini na saba! Na mzigo unashushwa wote, unapakiwa upya."

Kwa asiyejua, Kidatu ndo reli ya kati inapokutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, moja milimita 1,000, nyingine 1,067, na behewa la huku haliendi kule. Mzee akatoa simu akarekodi vois noti ndefu ya kuwatumia wastaafu wenzie kwenye grupu la WhatsApp. Kabla hatujafika Gstaad majibu yakaanza kumiminika. Mmoja wa Kigoma akasema haiwezekani, umelala usingizi wakakuhamisha. Ubishi ukapamba moto, na wakati treni inatoka kwenye tunnel na Ziwa Geneva lote linaonekana chini huko na mashamba ya mizabibu, kitu ambacho watu wanalipia pesa nyingi kukiona, baba alikuwa ameinama kwenye simu anaeleza axle, kile chuma cha kuunga magurudumu.

Montreux dada alikuwa na ajenda mbili, ngome ya Chillon na sanamu ya mwanamuziki Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946, amesimama kando ya ziwa kainua mkono. Mzee hakutoka stesheni. Baba alikuwa ameshagundua kwamba pale kuna reli za upana wa aina tatu: ile pana, ya mita, na nyingine ya milimita 800 inayopanda mlima wa Rochers-de-Naye. Akasema nendeni, mtanikuta. Tukamnunulia sandwichi na maji tukamwacha kwenye benchi la platfomu, tukaenda kumsalimia Freddie.

Tulivyorudi alikuwa ameituma picha ya ile reli ya milimita 800 kwenye grupu, akidhani sasa watakubali. Yule wa Kigoma akajibu: "Hiyo ya kuchezea watoto. Tuma ile ya kubadilisha magurudumu." Baba akamgeukia dada akauliza treni ya kurudi Zweisimmen ni saa ngapi.