Kuvua ndiko kulikonitisha

Kwa siku 21 nilijipima joto asubuhi na jioni, nikalala chumba cha peke yangu. Huo ndio muda mrefu kabisa ambao kwa kawaida Ebola huchukua mwilini kabla ya dalili kuanza, na mimi nilikuwa nimejigusa uso kwa glavu niliyotoka nayo kwa wagonjwa.

Haikutokea kitandani kwa mgonjwa. Huko nilikuwa makini mno. Ilitokea wakati wa kuvua mavazi ya kujikinga. Ukikaa saa nzima ndani ya ovaroli isiyopitisha hewa, jasho likajaa kwenye buti za mpira na miwani ikaziba kwa ukungu, ukitoka unachotaka ni hewa tu. Niliishika miwani kwa mbele, nikaivuta, vidole vikapita juu ya nyusi. Sekunde moja tu.

Sikuugua, namshukuru Mungu. Niliporudi kazini nilimwomba muuguzi mwenzangu tuingie na kutoka kwa mtindo mmoja: anayevua hasogezi mkono mpaka msimamizi wake aitaje hatua kwa sauti. Aproni. Osha glavu. Kofia. Osha tena. Ovaroli, ukiikunja upande wa nje uingie ndani, glavu za juu zikitoka nayo. Osha. Miwani kwa mkanda wa nyuma, macho umefumba. Barakoa nayo kwa nyuma. Buti bila kuzishika. Glavu za ndani mwisho kabisa, kisha osha mikono mitupu. Hatua hizi tulikuwa tumefundishwa wote na tulizijua kwa kichwa, ila kichwa kilichochoka hakiaminiki, sauti ya mtu mwingine inaaminika.

Jambo la pili lilikuwa ndoo. Klorini ya asilimia 0.5 ni ya sakafu, vifaa na damu iliyomwagika. Ya ngozi ni asilimia 0.05, mara kumi pungufu. Ndoo zetu zilifanana, na wapo waliokuwa wakinawa ile kali mpaka mikono ikachubuka. Ngozi iliyochubuka ni mlango kwa kirusi. Tuliziandika kwa rangi tofauti, na maji tukayachanganya upya kila siku kwa kuwa klorini hupoteza nguvu.

Siku moja daktari mkubwa wangu kwa umri na cheo alianza kuvua peke yake. Nikamwambia, "Daktari, shikamoo, naomba usimame hapo hapo." Alinitazama kwa muda. Akasimama, nikamsomea hatua zote. Kesho yake alinisubiri mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni muda. Tulikubaliana hakuna anayezidisha saa moja ndani, maana aliyechoka ndiye anayekosea. Lakini unafanyaje saa inapoisha na mgonjwa anakuita, "Nesi, maji"? Mara ya kwanza niliondoka, nikalia nje. Baadaye tukapanga zamu zipishane: mmoja anapotoka, mwingine ameshavaa, yuko mlangoni. Na kabla ya kuanza kazi nilipita kitanda kwa kitanda nikiwaambia, nikiwa na jina langu limeandikwa kwa kalamu nene kifuani kwa sababu uso wangu hawauoni: mimi nitatoka baada ya saa moja, atakayenifuata atakuja na maji.