Siafu wa chini ya dumu la mafuta, Kongwa

Mwezi wa kwanza nilitoka Dodoma mjini kwenda Kongwa kwa bibi mzaa mama, haisi imejaa mpaka mlangoni na konda bado anasema sogea braza nafasi ipo, tukapita Chamwino, Buigiri, pale Mbande tukaacha barabara ya Morogoro. Mvua ilikuwa imepiga siku 2 mfululizo. Udongo wa Kongwa kiangazi ni saruji kabisa, wale Waingereza waliokuja na matrekta yao 1947 kulima karanga uliwashinda wakakunja virago 1951, ila mvua ikikolea unakuwa laini unazama na ndala zako.

Nikapiga mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, ya kuungaunga, bibi akacheka, akasema we amkia Kiswahili tu mjukuu wangu, basi nikampa shikamoo.

Usiku tumekaa barazani taa inawaka, kumbikumbi kibao, watoto wanaokota. Mara likaja dude moja linagonga taa paa, likaanguka miguuni kwangu, refu, la kahawia, tumbo kama soseji yenye mabawa. Nikaruka nikajua nyigu. Binamu yangu wa miaka 8 akalichukua kwa vidole, "haling'ati hili kaka, halina mwiba". Baadaye nikagugo, kumbe ni siafu dume! Na mi sikuwa wa kwanza kuchanganya maana Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya viumbe, 1764 alimuandika dume kama huyo kwenye kundi la nyigu, sasa mi nani. Halafu maisha yake ya shida kweli, anaruka usiku baada ya mvua, akikutana na siafu vibarua wa kundi lingine wanamdaka wanamnyofoa mabawa wanamburuza mpaka kwa malkia, na malkia mwenyewe hana mabawa wala hatoki kwenda kutafuta mchumba. Ndoa ya kukamatwa hiyo.

Nikamuuliza bibi sasa hao siafu wenyewe wako wapi mbona mi nimetoka getini mpaka hapa sijaona hata mstari mmoja. Akasema wako chini. Mi nimezoea wale wa kukatiza njia usiku unawaona mistari minene unaruka, ila kuna wengine karibu maisha yao yote ni chini ya udongo, wanawinda mchwa humohumo kwenye mahandaki, na vibarua hawana macho kabisa, wanaenda kwa harufu na kugusana.

Asubuhi ndio nikawaona. Bibi ana dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti nyuma ya jiko, lilikuwa linavuja kidogokidogo kwenye mfuniko wiki nzima bila mtu kujua, akaniambia libebe liingie ndani. Kuliinua tu, jamani! Udongo wote chini unachemka, siafu wadogo wekunduwekundu wanatoka kwenye vitundu kama vya sindano, wamejaa palepale mafuta yalipolowanisha, nje ya duara la dumu hakuna hata mmoja. Na jua lilivyowapiga wakaanza kurudi chini haraka kama maji yanayonywewa na mchanga. Wawili walishafika kwenye kifundo cha mguu, wale wanang'ata vizuri tu. Ndio nikakumbuka niliposoma kwamba huko Borneo, kisiwa cha Asia, watafiti wakiwatafuta ndugu zao hawa wa chini wanafukia mafuta ya mawese halafu wanasubiri wapande wenyewe, bibi yangu kafanya utafiti bila kujua.

Nikamwambia tumwage majivu ya moto. Akanikatalia, eti hao wanakula mchwa na mchwa ndio adui wa nguzo za nyumba yake, niwaache wapite.

Jioni nikarudi kuchungulia, hamna kitu, vitundu tu na vipunje vya udongo mkavu pembeni. Bibi alishalifunga dumu kwa mfuko wa rambo na kulirudisha palepale.