Siku yangu moja ya kuwakatia watu tiketi

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua ofisi yetu ndogo hapa Mombasa na kupangusa tufe la dunia lililo mezani. Juu yake pana uzi mwekundu. Uzi huo naupenda kuliko kompyuta.

Saa 3:30. Anaingia bibi mmoja na mjukuu wake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Bintiye amejifungua New York, naye anakwenda kulea mzazi. Hajawahi kupanda ndege. "Ni mbali kiasi gani?"

Nauvuta uzi kutoka Nairobi. Unakata Sahara, nusu ya njia unaipata karibu na Marrakech, kisha bahari tupu. Kilomita 11,830 hivi. Namshukuru Mungu kwamba tangu tarehe 28 Oktoba 2018 ipo ndege ya moja kwa moja. Kumbadilisha ndege mtu wa umri wake usiku wa manane katika nchi ngeni ni mateso.

Mjukuu keshagawanya kwenye simu. "Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa. Basi ni saa 13." Hesabu ni sahihi, ila uzi haujui upepo. Huko juu pepo kali huvuma kutoka magharibi: ukienda Marekani unapambana nazo, ukirudi zinakusukuma. Kwenda ni kama saa 15, kurudi hupungua kama saa nzima.

Saa 5:00. Bado tuko na bibi. Akiondoka saa 6 usiku, atatua New York huku Nairobi ikiwa saa 9 alasiri. Lakini New York iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa joto kwao, 8 wakati wa baridi. Sasa ni joto, kwa hiyo atatua saa 2 asubuhi.

Anafikiri kidogo. "Na Alfajiri nitaijuaje?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwezi huu. Ndege inalikimbiza giza kuelekea magharibi, kwa hiyo usiku utakuwa mrefu mno. "Usitazame saa ya Mombasa, bibi. Tazama dirishani."

Saa 8:00. Wasafiri wawili wa Dubai. Kazi ya dakika kumi.

Saa 10:00. Mjukuu amerudi kulipa. Tiketi inasema Jumamosi, 00:05. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kwetu saa 6 usiku huo bado ni Ijumaa usiku. Zamani nilimkabidhi mzee mmoja tiketi ya namna hii bila kumfafanulia. Akafika uwanjani Jumamosi usiku na jamaa zake wote, na ndege ilikwishaondoka usiku uliotangulia. Sikupata usingizi.

Nachukua kalamu, naandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: IJUMAA USIKU, KUAMKIA JUMAMOSI. UWANJANI NAIROBI IJUMAA SAA 3 USIKU.

Mjukuu anampigia bibi na kumsomea. Namsikia bibi akirudia: "Ijumaa, baada ya Isha."

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi."