Saanane kwa asubuhi moja, Rubondo kwa siku tano

Nimeishi Mwanza miaka kumi na mmoja bila kukanyaga Saanane. Kila nikishuka Capri Point nakiona kile kisiwa hapo mbele, mawe yake yamekaa kama mtu kayapanga kwa mkono, nami najiambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi zimepita nyingi. Rubondo, kisiwa kingine cha hifadhi katika Ziwa Victoria hili hili, ambayo sijawahi kuiona hata kwa mbali, ndiyo niliyokuwa naiwekea akiba.

Julai 2025 nikapata likizo ya wiki moja. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kondoa, na huko maji mengi aliyozoea ni ya korongo mvua ikinyesha. Mke wangu akasema twende Rubondo wote watatu.

"Mkwe wangu, mimi kwenye mtumbwi siingii," mama akasema.

Tukamweleza kwamba ni boti ya injini, ina majaketi ya kujiokolea.

"Ni hiyo hiyo."

Usiku nikakaa na kalamu. Saanane haikuhitaji kalamu: boti ya dakika kama kumi, kiingilio, maji ya kunywa, saa saba mchana uko nyumbani. Rubondo ilijaza ukurasa. Kuna barabara ya Sengerema na Geita hadi Muganza, halafu kushuka Kasenda kupanda boti ya hifadhi. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi uliotangulia, kwa hiyo kile kivuko kilichokuwa kinakula nusu siku ya watu nikakifuta. Kilichobaki kuniumiza kichwa ni boti, kwa sababu tuliilipia nzima, tuwe wawili au wanane. Na huko hakuna duka la kukimbilia ukisahau chumvi.

Nikaamua tumpeleke mama Saanane kwanza. Akivuka salama, tutamshawishi na safari ndefu.

Alivuka kafumba macho, kashika kanga ya mke wangu. Lakini alipokanyaga mwamba akawa mtu mwingine. Askari wa hifadhi akamsimulia kwamba kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Hifadhi ya taifa imekuwa mwaka 2013, na eneo lake, pamoja na maji, ni kilomita za mraba 2 na ushee tu. Mama akauliza mzee alikuwa analima nini kwenye mawe haya. Swali zuri, na jibu halikupatikana. Kisha pimbi wakatoka kuota jua, mmoja akasimama hatua nne kutoka miguuni pake, wakatazamana muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona mama akimtazama mgeni yeyote. Swala pala hakuwajali kabisa.

Jioni nikamwuliza kuhusu Rubondo. Akasema kisiwa ameshakiona.

Tukaenda wawili, naye akabaki na jirani yetu. Tulifika Kasenda mchana, upepo umeshaanza, boti ikatupigapiga kweli; anayeweza avuke asubuhi, ziwa likiwa limelala. Tulibeba unga, mchele, dagaa, maharage na mafuta. Malipo yote yalikwenda kwa kontroli namba, na nashukuru niliyamaliza nikiwa Mwanza kwenye mtandao wa uhakika.

Rubondo ni hifadhi tangu 1977, kilomita za mraba 456 maji yakihesabiwa, na sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu. Usiku wa kwanza viboko walipanda kula majani karibu na banda letu, na mke wangu akanikataza hata kukohoa. Asubuhi tulimwona nzohe kwenye matete, yule swala wa majimaji mwenye kwato ndefu, na fisi maji wawili wakichezea samaki. Furukombe wanapiga kelele siku nzima. Hakuna simba wala chui, lakini huendi popote bila askari, maana tembo wapo.

Sokwe ndio walionipeleka. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa hapo sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, na waliopo leo ni uzao wao. Tuliwatafuta siku mbili, matope hadi kwenye magoti. Tuliona viota vyao juu ya miti na maganda ya matunda waliyoyatupa. Siku ya pili jioni tukawasikia wakiitana ng'ambo ya bonde, sauti ikipanda mpaka mwili ukanisisimka, kisha kimya. Basi. Mke wangu alisema safari imelipa kwa sauti ile peke yake. Mimi ilinichukua mpaka usiku kukubaliana naye.

Siku ya kuondoka ziwa likachafuka, tukaambiwa tusubiri hadi kesho. Usiku wa ziada, pesa za ziada, na dagaa waliobaki ni wa kumpa mtu mmoja. Kwa bahati nilikuwa nimeacha siku ya akiba kabla ya kurudi kazini.

Nilipopata mtandao nikampigia mama.

"Mmewaona hao sokwe?"

"Tumewasikia, mama."

Akanyamaza kidogo. "Walifungiwa Ulaya, wakaletwa msituni, nanyi mnataka watoke tena wawaonyeshe sura? Mimi pimbi wangu alikuja mwenyewe."