Nilivyomtafutia mdogo wangu wakili wa jinai Lamu

Mdogo wangu alishikwa Ijumaa jioni kwa madai ya kumpiga mtu. Katiba yasema mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti husubiriwa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo tulikuwa na hadi Jumatatu. Wakili hutafutwa siku hizo, kabla ya shtaka kusomwa, kwa sababu ukishakiri mbele ya hakimu ni kazi ngumu kurudi nyuma.

Pale kituoni nilimwambia ataje jina na anapokaa, mengine yasubiri wakili. Haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili zimo katika kifungu cha 49. Nikachukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, maana wakili yeyote utakayempigia simu ataiuliza, pamoja na jina la kituo na kosa lenyewe.

Majina tulipewa mengi. Kila jina nililitafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK, ambayo huonyesha kama cheti cha wakili cha mwaka huu kimetolewa. Cheti ni cha mwaka mmoja tu, kwa hivyo cha mwaka jana hakikusaidii. Kisha nikauliza swali moja: kesi ngapi za jinai umezifikisha hadi hukumu? Huku kwetu kesi za mashamba ni nyingi, na hodari wa hatimiliki si lazima awe hodari wa kumhoji shahidi wa polisi. Aliyeahidi kwamba tutashinda nilimwacha hapo hapo, hata faili alikuwa hajaiona.

Umbali ndio uliotusumbua zaidi. Wakili akitoka Mombasa au Malindi, huja kwa barabara hadi Mokowe, kisha apande boti kuvuka kisiwani, na huenda akalala. Uliza nauli na malazi vimo ndani ya ada au viko nje. Kesi inapotajwa tu, yaani siku isiyo ya mashahidi, wakili mara nyingi huruhusiwa kuhudhuria kwa mtandao akiwa ofisini kwake. Siku ya kusikilizwa ndiyo ya kusafiri. Sisi tulikubaliana nauli ilipwe siku za kusikilizwa peke yake.

Mkataba uandikwe na utiwe saini. Watu wengi hulipa "pesa ya wakili" wakidhani wamelipia kesi nzima, kumbe wamelipia ombi la dhamana, na siku ya mashahidi mshtakiwa husimama peke yake. Wetu uligawa kazi kwa hatua: dhamana, kupata nyaraka za mashtaka, kila siku ya mashahidi, na hoja za mwisho. Tukaongeza kwamba shahidi wa upande wa mashtaka asipofika na kesi ikaahirishwa, siku hiyo hatutozwi ada, nauli tu. Kipengele hicho kilituokolea pesa nyingi, kwa sababu kuahirishwa ni jambo la kawaida sana. Kila malipo nilidai risiti.

Dhamana ya pesa taslimu si ada ya wakili. Hulipwa kwa Mahakama, na risiti yake huandikwa jina la aliyelipa. Itunze kama hati ya nyumba, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kudai pesa zirudi kesi ikiisha.

Katika kesi ya kupigana, fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha ya mlalamishi, ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Daktari hujaza mle umri wa jeraha, aina ya silaha anayodhani ilitumika, butu au yenye makali, na kiwango cha madhara. Kiwango hicho ndicho kinachoelekeza shtaka: kudhuru mwili ni kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 5, madhara makubwa ni kifungu cha 234, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Wakili wetu aliweka kidole penye umri wa jeraha. Mlalamishi alisema alipigwa Ijumaa. Daktari alimpima Jumamosi na kuandika jeraha la siku 5. Tusingeliona hilo lau asingedai nakala mapema. Kifungu cha 50 cha Katiba humpa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, basi maelezo ya mashahidi na P3 viombwe kwa hakimu siku ile ile ya kwanza.

Asiye na uwezo amwambie hakimu waziwazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya msaada huo, na kwa shtaka la mauaji, ambalo husikizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili huwekewa mmoja kwa gharama ya serikali.

Rufaa haikuwamo katika mkataba wetu. Muda wake ni siku 14 tangu hukumu, hivyo bei yake niliiuliza na kuiandika mapema, kabla hata shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.